Dakika Ishirini za Fundi Saa

Kiuno cha mwanamume hakipungui sentimita sita hivi hivi tu. Pini alizungusha tepu, akasoma, akaifungua, kisha akaizungusha tena na kuivuta kidogo. Tisini na nane. Kwenye daftari lake la vipimo, ukurasa wa suti ya harusi, kiuno hicho hicho kilikuwa mia na nne, na ukurasa wenyewe haukuwa umemaliza miezi mitatu.

"Unaumwa?" alimuuliza, midomo imebana pini tatu.

"Siumwi," Fundi Saa alijibu. "Nafanya mazoezi."

Jengo zima la maduka lilimwita Pini kwa sababu ya hizo pini za mdomoni, ingawa wale waliowahi kugombana naye walisema jina lingemfaa hata mdomo ukiwa mtupu. Fundi Saa alikuwa na kibanda chake chini, karibu na mlango mkubwa. Siku nzima yeye na kiti chake, kioo cha kukuzia kwenye jicho moja, akifungua saa za watu kwa bisibisi nyembamba kama sindano. Miaka miwili iliyopita alipanda kushonewa mfuko wa koti uliotoboka. Mwezi huo huo akarudi na mifuko mingine mitatu iliyotoboka, yote kwa namna moja, na Pini akajua kwamba hapa kuna mtu anatoboa mifuko yake mwenyewe kwa bisibisi. Akampenda hapo hapo, akamlipisha bei kamili.

Kila alipompima, macho ya Fundi Saa hayakuwa yakitoka usoni pake. Leo yalikuwa darini, yanahesabu taa.

"Mazoezi gani hayo yanayokula mtu hivi?"

Akamwambia ni mara tatu kwa wiki, dakika ishirini. Kwenye mashine ya pili, shoga yake Pini aitwaye Vifungo aliacha kukanyaga pedali. Mwaka mzima sasa wanawake hao wawili walikuwa wakifunga duka na kwenda kutembea dakika arobaini kila jioni, mvua isiponyesha, na tepu ya Pini haikuwa imewahi kuwapa zawadi ya hata nusu sentimita. Dakika ishirini, mara tatu. Pini aliichukulia habari hiyo kama anavyochukulia kitambaa kinachouzwa nusu bei: aliigeuza atazame upande wa ndani.

Fundi Saa akaeleza, na alipoanza kueleza mikono yake ikachangamka. Unaanza taratibu mwili upate moto. Halafu nusu dakika unapanda ngazi kama unafukuzwa, mpaka huwezi kusema jina lako. Kisha dakika moja na nusu unashuka kama mtu anayemsindikiza mgeni. Mara nane, basi, unaoga. Siri haiko kwenye urefu wa muda, alisema, iko kwenye kusukuma na kuachia. Moyo ukisukumwa ukaachiwa, ukasukumwa ukaachiwa, unajifunza kazi upesi kuliko ukiburuzwa saa nzima. Wiki ya kwanza nusu dakika ilimwacha ghorofa ya pili anashika ukuta, na sasa je? Hapo akakatiza mwenyewe, kama mtu aliyechungulia chumba kisicho chake.

"Ngazi zipi?" Pini aliuliza.

"Ngazi tu."

"Na nani?"

Alinyamaza. Haikufika hata sekunde mbili, lakini mwanamke aliyemsikiliza mtu miaka miwili anajua kupima kimya chake.

"Peke yangu," alisema.

Alipoingia nyuma ya pazia kujaribu suruali, Pini alilichukua koti lake la kila siku alipime bega. Kijitabu kidogo kikadondoka kutoka mfuko wa ndani, ule ule aliokuwa ameushona kwa mkono wake, kikafunguka sakafuni. Hakukifungua yeye. Hilo alilisisitiza baadaye kila aliposimulia. Juu ya ukurasa, kwa mwandiko ule mdogo wa mtu aliyezoea vitu vidogo, palikuwa pameandikwa: Filimbi, Ijumaa, saa kumi. Chini yake orodha ya tarehe nane, zote za Ijumaa, na mbele ya kila tarehe namba moja. Mia na ishirini na sita. Mia na ishirini na nne. Mia na ishirini na moja. Mia na kumi na saba. Zilishuka hivyo mpaka mia na tano, ya Ijumaa iliyopita.

Mtu mwingine angefikiria namba za mteja, au kilomita. Pini hakuwa mtu mwingine. Miaka kumi na moja alikuwa ameishi kwa namba za miili ya watu, na namba inayotoka mia na ishirini na kitu ikashuka pole pole mpaka mia na tano kwake ilikuwa kitu kimoja. Ni hipsi. Hipsi za mwanamke anayepungua, na kuna mtu anazizungushia tepu kila Ijumaa saa kumi. Alikirudisha kijitabu mfukoni, akalitundika koti.

"Njoo Ijumaa jioni ujaribu suti nzima," alimwambia alipotoka.

"Ijumaa jioni sitaweza. Nina saa ya mteja."

Pini moja ikamgusa ubavuni, na Pini mwenyewe hakuomba radhi.

* * *

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Vifungo, ambaye hajawahi kukutana na moto asiupulizie, alitoa maoni yake yote siku ya kwanza: mwanamume anayeanza kujipenda ghafla ana wa kumwonyesha, na anayesema "peke yangu" bila kuulizwa mara mbili ana mwenzake. Jina gani hilo, Filimbi? Jina la mtu anayeitwa kwa mluzi. Pini alimwambia afunge mdomo, kisha baada ya nusu saa akamwomba arudie ile sehemu ya pili.

Akaanza kumchunguza. Akipita kibandani anamnusa, na harufu ilikuwa sabuni. Akamkuta anacheka peke yake juu ya saa ya ukutani. Akamwona akipanda ngazi za jengo mpaka dukani kwake akiwa na vikombe viwili vya chai, na akaingia akiongea, hajahema hata kidogo, wakati zamani ilibidi akae kwanza kwenye kiti cha wateja. Kitu kilichopaswa kumfurahisha kilimchoma. Alitazama kifua cha mpenzi wake kikipanda na kushuka kwa utulivu, na akajiuliza ni mikono ya nani iliyomfanya hivyo.

Mwisho alimpigia simu mama yake, na hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa.

Mama alikuwa muuguzi mstaafu, anakaa ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti, na hakuwa akimtaka Fundi Saa. Hakusema hivyo kwa maneno. Siku ile kijana alipokwenda na mjomba wake kupeleka posa, alifika mlangoni uso umekuwa wa kijivu, jasho linachuruzika, akasimama dakika nzima bila kuweza hata kusalimia, na mjomba ndiye aliyesalimia kwa niaba ya wote. Mama alimtazama, akamtazama, halafu akasema watampa jibu baadaye. Baadaye hiyo ilikuwa imefika mwezi wa tatu. Kila Pini alipouliza, aliambiwa tungoje kidogo, na hata siku moja Mama hakumwita mkwe. Alikuwa "huyo fundi wako wa saa." Pini aliamini ni dharau ya kazi yake, na suti akaanza kuikata kwa ukaidi kabla jibu halijatoka.

Kwa hiyo alitegemea kwamba Mama, akisikia, atasema nilijua. Mama alisikiliza habari ya kiuno na dakika ishirini mpaka mwisho. Kisha akasema, taratibu, "Mwache kijana wa watu. Usimfuatefuate."

"Mama, wewe unamtetea?"

"Nimesema mwache."

Simu ikakatika. Pini alibaki ameishika sikioni. Katika maisha yake Mama hakuwahi kumtetea mwanamume yeyote isipokuwa Baba, na hata huyo alianza kutetewa baada ya kufa.

* * *

Ijumaa saa kumi kasorobo Fundi Saa alifunga kibanda, akachukua mfuko wenye raba zake, akatoka. Pini alimwambia Vifungo anakwenda kununua nyuzi. Vifungo aliangalia rafu iliyojaa nyuzi, akamtakia manunuzi mema.

Alimfuata kwa upande wa pili wa barabara, nyuma ya watu, akitembea haraka kuliko alivyowahi kutembea na shoga yake jioni yoyote. Alipita duka la dawa, akapita kituo cha mafuta, akakata kushoto kwenye mtaa wa majengo marefu yenye nguo zinazokauka madirishani. Kwa kila kona moyo wa Pini ulikuwa unakana, kwa sababu alizijua kona zote hizo. Alikulia hapo. Mwanamume wake aliingia kwenye mlango wa jengo la mama yake.

Alisimama nje karibu dakika ishirini, mpaka akahesabu milio saba ya filimbi, halafu akachungulia. Chini ya ngazi palikuwa na mwanamke wa miaka hamsini hivi, amevaa suruali ya michezo, filimbi ikining'inia shingoni na saa ya kuhesabia sekunde mkononi. Jicho la Pini lilimpima kabla akili haijauliza. Hipsi themanini na nane. Labda tisini akivaa koti. Mwanamke yule alikuwa amenyooka kama rula, na hakuna siku katika maisha yake aliyofikisha mia na ishirini na sita.

Mashtaka yote ya wiki nzima yakaanguka pale mlangoni, lakini hasira haikuanguka nayo. Hasira ilibaki imesimama, inatafuta pa kukaa. Kwa sababu kama si hipsi za huyu, ni za nani? Na kwa nini hapa?

Filimbi ililia. Miguu ikapanda mbio, mizito, ya mtu anayeivunja ngazi, ikazunguka kona ya kwanza, ya pili, ikaendelea juu. Mwanamke akabonyeza saa yake. "Ya nane hiyo," alipaza sauti. "Malizia!"

Pini alimpita bila salamu, akapanda. Alipofika ghorofa ya tatu alikuwa anahema yeye. Hapo, kwenye kona ambayo rangi ya ukuta ni mpya kuliko kwingine, hakuwahi kupita bila kugusa kishikio, kwa sababu hapo ndipo Baba alipoanguka na mfuko wa sokoni mkononi, Pini akiwa na miaka kumi na mitano. Aligusa, akapanda.

Mlango wa Mama ulikuwa wazi. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, amevaa miwani, saa yake ya uuguzi imebandikwa kifuani kama zamani. Mbele yake alikuwa ameketi Fundi Saa, fulana imelowa, mkono ameunyoosha. Vidole viwili vya Mama vilikuwa juu ya kifundo cha mkono wake, na midomo ya Mama ilikuwa inahesabu.

"Tisini na saba," Mama alisema, sauti imemshuka. Akavua miwani. "Andika. Tisini na saba."

Fundi Saa hakuandika. Alikuwa ameshamwona Pini.

"Peke yako," Pini alisema. "Kumbe peke yako ni watu watatu."

Fundi Saa akainuka, akafungua mdomo, na Mama akamzuia kwa kiganja. Nieleze mimi, alisema, kwa sababu mimi ndiye niliyemfunga kwa kiapo asikuambie.

Akaeleza akiwa amekaa pale pale kwenye kigoda. Siku ya posa hakuona fundi saa. Aliona mtu anayefika mlangoni bila pumzi. Jumatatu yake alimwendea kijana kibandani, akamwambia wazi kwamba hamwozi mwanawe kwa mtu wa namna hiyo, labda akubali kwanza kwenda kwa daktari, na daktari akiruhusu, aje apande ngazi hizi mpaka mapigo ya moyo wake, dakika mbili baada ya kukimbia, yawe chini ya mia. Daktari aliruhusu, akasema aanze pole pole. Mama akamtafuta Filimbi, mwalimu wa michezo ambaye yeye Mama aliwahi kumuuguza goti. Jumatatu na Jumatano walifanya mazoezi uwanjani shuleni. Ijumaa ilikuwa siku ya kuhesabiwa.

"Na mimi nisijue kwa nini?" Pini aliuliza. "Mwili unaokwenda kulala na mimi, moyo unaokwenda kuishi na mimi, anaujua mwalimu wa michezo, mimi sijui?"

"Ungejua kwamba huenda nikamkataa, ungeondoka naye siku hiyo hiyo. Nakujua."

Pini hakubisha, maana ilikuwa kweli.

"Kuna jingine," Mama alisema, na sasa hakuwa akimtazama mtu. "Baba yako alipanda ngazi hizi mwaka mzima anahema. Nilikuwa naenda kazini kusikiliza mioyo ya watu wengine. Wangu alikuwa anaingia hapa, anakaa kwenye kiti hicho, anavuta pumzi, na mimi namtania kwamba amenenepa. Mwaka mzima, mwanangu. Sikuwahi hata kumshika mkono nikahesabu."

Filimbi alikuwa amefika kwenye kona ya chini, akasimama hapo hapo akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Pini alikwenda akachuchumaa mbele ya mama yake, akamfuta machozi kwa upindo wa kanga iliyokuwa mabegani mwake. Miezi yote hiyo alidhani Mama ana majivuno. Kisha akageuka kwa Fundi Saa, na kwa huyo hakuwa amemaliza.

"Nilisoma kijitabu chako," alisema. "Zile mia na ishirini na kitu nikadhani ni hipsi."

"Hipsi za nani?"

Macho ya Pini yalimsaliti kwa kuteremka kwenye ile kona. Filimbi akainuka. "Mia na ishirini na ngapi?" aliuliza. "Mimi?" Akajitazama upande huu na upande huu, na ilionekana wazi kwamba hajawahi kusifiwa hivyo. Mama akaanza kucheka na kamasi bado ziko puani, na kwa sababu Mama alicheka, Fundi Saa naye akathubutu.

"Wewe usicheke," Pini alimwambia. "Ulinitazama usoni ukasema uongo."

"Nilitazama darini," alisema. "Usoni nisingeweza." Akasogea hatua moja. "Nilikuwa naogopa. Siku ile ya posa nilipofika hapa nikashindwa hata kusema shikamoo, niliona macho ya mama yako, nikajua ananiona kama maiti. Nikarudi nyumbani nikajiuliza, hivi kweli namchukua binti wa watu nije nimwache mlangoni ananisubiri nisirudi? Kama namba zingekataa kushuka, nisingekuoa. Ningekuambia sikutaki tena, ukanichukia, ukaolewa kwingine. Hilo ndilo nilikuwa nimepanga."

Pini alilisikia hilo likimpita mwili mzima. Wiki nzima alikuwa anaogopa kunyang'anywa mwanamume na mwanamke mwingine, kumbe kwa wiki tisa alikuwa ananyang'anywa na namba, na hakuna aliyemwita aje kushika upande wake.

"Nisikilize," alisema. "Kuanzia leo ukihema, mimi ndiye wa kwanza kujua. Si mama yangu, si mwalimu, si daktari. Ukinificha tena pumzi yako, pete utaipata kwenye sanduku la vipuri vya saa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Haya. Panda tena."

"Nimeshapanda mara nane. Mama amesema tisini na saba, nimepita."

"Mimi ni fundi," Pini alisema. "Sikati kitambaa kwa kipimo cha mtu mwingine."

Fundi Saa akamtazama Mama, Mama akatazama ukuta. Akashuka. Walipokuwa wanangoja, Filimbi alipanda akasimama karibu na Pini na kumweleza kwa sauti ya chini kwamba kijana amefanya kazi, wiki ya kwanza alitapika kwenye ndoo ya maua, wiki ya tano aligusa ghorofa ya nne kwa nusu dakika na akalia kidogo. Pini akamuuliza kwa nini basi yeye anatembea dakika arobaini kila siku na hapungui kitu. Filimbi akataka kujua kama katika kutembea huko huwa wanapiga soga. Pini akasema kidogo. "Kama mnaweza kupiga soga njia nzima," Filimbi alisema, "huo moyo mmeutoa matembezi tu. Si vibaya. Lakini mara moja moja ukimbizeni mpaka mnyamaze." Pini alimfikiria Vifungo amenyamaza, na akaona hayo yangekuwa mazoezi makubwa kweli.

Filimbi ikalia. Miguu ikaja mbio, kona ya kwanza, ya pili, ile kona ya tatu ambayo Pini aliifumbia macho, na ikaipita. Akatokea, amelowa, mdomo wazi, mzima. Akaketi. Pini akachukua mkono wake akaweka vidole pale alipokuwa ameona Mama akiweka, na Mama akashika saa.

Chini ya ngozi palikuwa na kitu kinachogonga. Miaka miwili alikuwa amezungusha tepu juu ya kifua hiki akiandika namba, na hakuwahi kukisikia. Dakika ya kwanza ikapita. Fundi Saa alikuwa ameacha kutazama dari. Alikuwa anamtazama yeye, vile vile kama zamani, siku ya mfuko wa nne.

Dakika ya pili ilipoisha Mama akamwambia ahesabu, na Pini akahesabu kwa midomo isiyo na pini.

"Mia na kumi na nane," alisema, na moyo ukamwanguka.

Mama alikunja uso. Akavuta mkono wa pili wa kijana, akaweka vidole vyake, akatazama saa. "Mia na ishirini," alisema. "Yanapanda." Alimtazama Fundi Saa kwa mashaka yote ya muuguzi wa miaka thelathini na mitatu. Halafu akamtazama binti yake, akateremsha macho mpaka kwenye vidole vya binti yake, akavua miwani.

"Mwachie mkono mkwe wangu," alisema. "Ukimshika wewe, hayatashuka mpaka kesho."

Pini hakuuachia.